Mistari miwili ya kerneli si jambo dogo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nipinge makala ya ukurasa wa teknolojia iliyodai kwamba mabadiliko ya mistari miwili mitatu ya msimbo hayafai kumpotezea mkaguzi muda. Kwa programu ya kupanga ratiba ya mechi, sawa. Kwa kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi kinachogawa kumbukumbu na kuyasimamia maunzi, sikubali.

Mwezi uliopita kijana ninayefanya naye kazi hapa Moshi aliniletea mabadiliko ya namna hiyo katika draiva (programu inayoiunganisha kerneli na kifaa) ya kifaa chetu cha kupima kina cha maji ya mfongo, yaani mfereji wa umwagiliaji. Alikuwa ameondoa ioremap, fanksheni inayoipa draiva anwani ya kukifikia kifaa, na kuweka mbadala wake, devm_ioremap_resource. Wazo lenyewe ni zuri, kwa sababu fanksheni za ukoo huo wa devm_, ulioingia katika kerneli ya Linux mwaka 2007, huachia zenyewe rasilimali zilizochukuliwa, draiva inapoondolewa au inaposhindwa kuanza, tena kwa kurudi kinyumenyume, iliyochukuliwa mwisho ikiachiwa kwanza. Mkulima wa mfongo anayejua kufunga maji zamu yake inapokwisha hahitaji kuelezwa faida yake.

Kasoro ilikuwa katika mistari ambayo kijana hakuigusa. Fanksheni ya zamani ikishindwa hurudisha sifuri, na mstari wa chini yake ulikuwa bado unaangalia sifuri. Mpya hurudisha namba ya kosa iliyovishwa sura ya anwani, ambayo si sifuri, hivyo draiva ingeipokea kama anwani halali na kuiangusha kerneli mara tu inapojaribu kusoma kipimo. (Nami niliwahi kuteleza papo hapo, sina sababu ya kumcheka.) Mwishoni mwa faili, iounmap, fanksheni ya kuachia kilichochukuliwa na ioremap, ilikuwa ingali inasubiri kuachia eneo ambalo sasa lingeachiwa lenyewe, yaani mara mbili. Isitoshe, fanksheni mpya hulihodhi eneo hilo la anwani, kwa hiyo nililazimika kuhakikisha katika /proc/iomem, orodha ya Linux ya maeneo ya anwani yaliyokwisha kuhodhiwa, kwamba hakuna draiva nyingine inayolitumia.

Kijana alijitetea kwamba alikijaribu kifaa na kikafanya kazi. Ni kweli kilifanya kazi, kwa kuwa siku hiyo hakuna kilichoshindwa.

Ukaguzi ule ulinichukua asubuhi nzima, na mabadiliko yalipomrudia mwenyewe yalikuwa yamefika mistari sita.

Msomaji wako,
Moshi