Ndugu zake walimngoja kuzimu

Tanga, Jumapili jioni

Mpendwa Zuhura,

Hujambo na wanao? Sisi wazima. Uliniuliza kama yule mfalme wa kwenye Safari ya Magharibi, ile riwaya ya Kichina, anayemtuma mtawa India kufuata vitabu vya dini, aliishi kweli. Aliishi, shoga yangu. Ni Li Shimin, Taizong wa ukoo wa Tang, aliyetawala China tangu 626 hadi 649.

Ila kiti alikipata kwa damu. Julai 626 aliwavizia ndugu zake kwenye lango la Xuanwu, Chang'an, mji mkuu. Kwa mkono wake mwenyewe alimpiga mshale kaka yake Jiancheng, mrithi halali. Mdogo wao Yuanji akauawa na Yuchi Jingde, kisha Yuchi huyohuyo, kavaa deraya na mkuki mkononi, akamfuata baba yao, mfalme wa wakati huo, aliyekuwa ziwani na mashua. Mzee angesema nini? Miezi miwili baadaye akaachia kiti. Watoto wa kiume wa marehemu nao hawakusazwa. (Na Yuchi ndiye Wachina humbandika picha mlangoni awalinde na mashetani!)

Halafu mtu huyohuyo akatawala vizuri. Alimweka karibu Wei Zheng, mshauri wa kaka aliyemuua, na akakubali kukosolewa naye mbele ya watu. Hilo linanisumbua mpaka leo.

Ndiyo maana naipenda riwaya. Imechapwa 1592, karne tisa na zaidi baadaye, lakini haijasahau. Mfalme anakufa, anafika kuzimu, na Jiancheng na Yuanji wanamkwida papo hapo wakidai roho zao. Anaokolewa na karani. Daftari linasema atakufa mwaka wa 13 wa utawala wake. Kwa Kichina moja ni mstari mmoja wa kulala, tatu ni mitatu, basi karani anachovya brashi, anaongeza miwili, 13 inakuwa 33. Kwa kweli alikufa mwaka wa 23.

Na mtawa? Xuanzang halisi alitoroka bila kibali, mfalme akampokea aliporudi 645 na vitabu 657. Riwaya ndiyo inayowafanya waapiane undugu kabla ya safari. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatulia kidogo, Zuhura. Mtu aliyewaua ndugu zake, mwandishi kamtafutia ndugu mwingine.

Nakuletea nakala yangu Idi. Anzia hapo kuzimu.

Wako,
Mwanaidi