Rejista zituonyeshe nani anachelewa kugunduliwa saratani

Mhariri,

Tunaomba kila kliniki ya Nairobi inayopima saratani ya mlango wa kizazi iongeze safu mbili kwenye rejista: lugha ambayo mama anaielewa vizuri, na hatua ya ugonjwa siku alipogunduliwa. Tunasema lugha kwa makusudi. Ukianza kwa kumuuliza mtu kabila lake katika mji huu, hasa akiwa mkimbizi, umemfunga mdomo.

Hesabu ya jumla huficha mengi. Marekani, wanawake waliotolewa kizazi walikuwa wakihesabiwa pamoja na wengine ilhali hawana tena mlango wa kuugua. Utafiti wa 2017 ulipowaondoa, vifo vya wanawake Weusi vilipanda kutoka 5.7 hadi 10.1 kwa kila wanawake 100,000. Vya Weupe kutoka 3.2 hadi 4.7. Pengo lilikuwepo siku zote.

Virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani hii, havibagui. Kwetu tofauti inaanzia kwenye kitanda cha kupimia. Mama wa Eastleigh aliyekeketwa na kushonwa, spekula ya kawaida, kifaa cha kupanua uke ili mlango uonekane, inamuumiza, pengine haipiti kabisa. Kliniki isiyo na spekula ndogo inamrudisha nyumbani, kisha rejista inaandikwa "amekataa". Na kama mkalimani ni mwanawe wa kiume, hatathubutu kusema anatokwa na damu baada ya tendo la ndoa, dalili ambayo muuguzi alipaswa kuisikia kwanza.

Mama kama huyu afaa apewe kipimo cha HPV cha kujichukulia sampuli. Anaingia faraghani, anaingiza brashi ukeni taratibu mpaka ahisi imezuiwa, anaizungusha mara kadhaa, anaitia kwenye kichupa na kufunga. Maelezo yawe ya sauti, kwa Kisomali na Kioromo. Karatasi ya Kiingereza haimsaidii. Aulizwe pia jibu litumwe kwa simu ya nani, maana nyingi ni za waume.

Virusi vikipatikana, bado lazima mlango uangaliwe. Siki, ambayo hugeuza sehemu yenye kasoro kuwa nyeupe, ikishapakwa, isubiriwe dakika nzima kwa saa. Anayeharakisha hukosa kuuona weupe. Kidonda kinachofaa kuchomwa kwa joto kichomwe siku hiyohiyo, kwa sababu miadi ya pili ndipo wengi wanapopotea. Aliyepita miaka 50 asitegemee siki pekee: sehemu inayougua huwa imerudi ndani, haionekani.

Saratani ikiwa bado kwenye mlango pekee, upasuaji unaweza kuiponya. Ikishaenea pembeni, mgonjwa anahitaji mionzi ya nje na ya ndani pamoja na kemo (dawa za kuua saratani) ya kila wiki, na familia isiyojua Kiswahili wala Kiingereza inahangaika kati ya dirisha la SHA, bima ya afya ya serikali, na foleni ya mionzi. Maafisa wa afya wa kaunti wakiwa na safu hizo mbili, watajua ni mitaa gani ianze kupelekewa spekula ndogo, brashi na wakalimani wa kike.

Wauguzi wa uchunguzi wa saratani,
Nairobi