Stesheni: mambo ya kupeleka kwenye kikao

Habari za jioni ndugu zangu. Nimesoma maoni yenu yote kuhusu ukarabati wa stesheni. Ya kelele za usiku nimeyaweka kando kwanza, yana siku yake.

Kubwa ni lifti. Mchoro una moja tu. Siku ikiharibika, mwenye kiti mwendo atabaki chini ya ngazi akisikia treni ikiondoka. Kwa hiyo tudai na njia ya mteremko, tena ya maana: kipimo kinachotumika sehemu nyingi ni 1 kwa 12, yaani kupanda mita 1 kunataka urefu wa mita 12. Ikiwa kali kuliko hapo, wengi hawapandi bila kusukumwa.

Kuna aliyeuliza vigae vya vinundu ukingoni mwa jukwaa ni vya nini. Asiyeona akivikanyaga anajua amefika mwisho. Visiguswe kwa kisingizio cha gharama.

Na wanaosema tunachelewesha mradi, jamani, kufuta mstari kwenye mchoro ni rahisi kuliko kuvunja zege.

Mwenye swali alitume hapa kabla ya Jumamosi. Picha za maua tuzipumzishe kidogo, maswali yanapotea.