Barua ya wazi kwa mheshimiwa wa njia za msituni kwetu: kama hamtengenezi daraja, turuhusuni tulitengeneze wenyewe

Assalaam alaykum mheshimiwa,

Jina lako silitaji, ofisi yako siitaji, na kijiji chetu pia sikitaji maana sitaki mzee wetu sheha, kiongozi wa serikali hapa kijijini, apigiwe simu usiku kuulizwa nani kaandika. Ila ukiisoma utajijua na sisi utatujua, ni wale wa upande wa ghuba ya Chwaka uliotutembelea kabla ya uchaguzi, ukapita kwenye daraja letu la mbao la mikokoni mpaka mwisho kabisa, ukasimama pale kwenye mkondo ukatwambia hii njia ni hazina na kwamba mbao zilizooza zitabadilishwa kabla ya masika. Tulipiga makofi. Kina mama walikupigia vigelegele. Hayo masika yalikuja yakapita, na mengine sasa yanakaribia.

Natanguliza heshima zangu zote, na nasema heshima kweli kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, lakini wiki iliyopita kuna jambo limetokea na nimeshindwa kunyamaza.

Mama mmoja wa mwani alikuwa anarudi kutoka ufukweni na mzigo wake kichwani, mwani mbichi, na mheshimiwa sijui kama umewahi kubeba gunia la mwani mbichi linalochuruzika maji ya chumvi mpaka machoni. Alikanyaga ubao ukavunjika, mguu ukazama mpaka pajani, na yeye akaanguka na mzigo wake juu ya mguu uleule. Mfupa ulivunjika. Tulimtoa kwa kukata ubao wa pembeni kwa panga, tukambeba kwenye kanga mbili tulizozifunga kwenye miti mpaka barabarani, maji yanajaa, tope limefika magotini, yeye anasoma kalima kwa sauti. Yuko kitandani hadi leo. Ana watoto wanaomtegemea na mwani wake baharini unang'oka kwa mawimbi, wenzake wanamsaidia kufunga lakini na wao wana wa kwao.

Na ubao ule uliovunjika, mheshimiwa, uko kwenye picha tulizokutumia. Uleule. Tulizituma kwa yule ofisa uliyetuambia "huyu ndo mtu wangu, chochote mwambieni yeye", zikaonyesha tiki mbili za buluu na basi.

Nataka ulijue hili maana naona huko juu hamlielewi. Mkisikia njia za msituni mnadhani ni za wageni tu, wazungu na kamera zao, kwahiyo zikiharibika mnaona hasara ni ya kampuni za utalii. Sivyo. Njia yetu inaanzia barabarani inapita maweni, yale mawe ya matumbawe makali yanayokula soli ya kiatu, inaingia kwenye kichaka ambapo kina mama wanaokota kuni kavu na wazee wanachuma dawa, halafu inashuka mikokoni na hapo ndo daraja linaanza, linakwenda mpaka kwenye mchanga. Bila daraja unapita topeni, na tope la mikokoni si la mchezo, maji yakijaa hupiti kabisa, wakati wa bamvua, yale maji makubwa, ndo usijaribu. Wanaopita kila siku ni wa mwani, wa chaza, wa kaa, wavuvi, watoto wanaowafuata mama zao wakitoka skuli. Mgeni anapita mara moja anakwenda zake Paje au Nungwi, sie tunapita maisha yetu yote.

Na hao wageni wenyewe pia tunawahitaji, sitaficha. Mimi ni muongoza watalii wa kijiji, nna kitambulisho na mafunzo niliyapata. Nikimchukua mgeni nnamuonyesha aina za mikoko, mchu unavyochomoza vijiti vyake juu ya tope kuvuta hewa, nnamuonyesha mkoko magondi unavyozaa mche ukiwa bado juu ya mti halafu mche unadondoka na kujipanda wenyewe topeni, nnamtofautishia mkandaa na muia kwa majani, na asubuhi tukiwa na bahati tunawakuta kima punju wanakula machipukizi. Mgeni anashangaa kwamba mnyama huyu hapatikani popote duniani isipokuwa Unguja, ukiacha wale wachache waliopelekwa Ngezi kule Pemba miaka ya 1970. Hiyo ndo kazi yangu na naipenda wallahi, sijaipata kwa kukosa nyengine.

Sasa kampuni mbili zilizokuwa zinatuletea wageni zimetuondoa kwenye ratiba. Siwalaumu, mgeni wao alichomwa na msumari wa kutu kwenye daraja lilelile na mwengine alipotea maweni kwa sababu rangi ya alama kwenye miti imefutika yote, akatoka amechanika mikono na amelia. Nani atamrudisha mtu hapo? Tokea hapo nakwenda baharini na ngalawa ya kukodi na samaki mwenyewe siku hizi unamjua, nimekopa dukani mpaka naona haya kupita mbele ya duka, mke wangu anakaanga mandazi alfajiri ndo tunakula. Sikwambii haya unionee huruma, nakwambia ujue kwamba ubao mmoja uliooza unafika mpaka jikoni kwa mtu.

Na usituambie haiwezekani, maana tunaona inawezekana. Jozani iko karibu yetu. Ile ilianza kama msitu wa akiba, mwaka 2004 ikatangazwa hifadhi ya taifa, Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, kilomita za mraba 50, na mwaka 2016 UNESCO ikaitambua kuwa hifadhi ya bayongahewa, yani eneo ambapo watu na viumbe vya asili wanaishi pamoja. Wageni wanatembezwa kwenye njia za msituni kisha wanapelekwa Pete kwenye daraja la mikokoni, na sehemu ya viingilio inarudi vijijini, skuli na maji vimepatikana kwa pesa hizo. Hata kima waliokuwa wanagongwa na magari barabarani wamewekewa matuta, wanaokufa wamepungua. Yani kima amewekewa tuta, alhamdulillahi, nafurahi kabisa, ila mama wa mwani naye hastahili ubao? Mwaka 2024 Zanzibar imepokea wageni zaidi ya 736,000, mlitangaza wenyewe na tukafurahi pamoja nanyi. Sisi hapa tunaomba mbao.

Kwanini hazibadilishwi, hapo mimi nabaki kukisia kwa sababu hakuna anayetuambia. Wengine kijijini wanasema pesa zilitoka zikaishia njiani, mimi sina ushahidi wa hilo kwahiyo silisemi kama kweli. Nnachokiona kwa macho ni kwamba mbao zilizowekwa mara ya mwisho zilikuwa laini, si za kukaa kwenye maji chumvi, na misumari ilikuwa ya kawaida ambayo imeshika kutu haraka sana, fundi yeyote wa majahazi pale pwani angekwambia hiyo kazi haifiki mbali. Hakuulizwa. Alikuja mtu kutoka mjini na gari, akapigilia, akapiga picha, akaondoka. Pengine na bajeti ni ndogo kweli, pengine faili limekaa kwenye meza ya mtu aliyehamishwa. Tungeelezwa tungeelewa. Ila tumeambiwa kwanza "lipo kwenye bajeti", tukaambiwa tena "mkandarasi anatafutwa", halafu simu ikawa haipokelewi.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili, na hapa naomba usome taratibu. Sisi tulitaka kulitengeneza wenyewe. Tumechangishana, kina mama wa mwani wametoa, wavuvi wametoa, mzee mmoja ana mivinje shambani kwake amesema chukueni nguzo bure, mafundi tunao hapahapa. Hatukuomba kukata hata mkoko mmoja, mikoko sie ndo tunaoilinda, vijana wetu wa doria wanalala nje usiku bila malipo kuwakimbiza wakata boriti na wachoma mkaa. Tukaambiwa HAPANA. Tukaambiwa daraja ni mali ya serikali, tusiliguse mpaka aje fundi aliyethibitishwa, na tukiligusa kisha mtu akiumia tutashitakiwa sisi. Sasa mtu ameumia mheshimiwa. Hatukuligusa, na ameumia. Nani anashitakiwa?

Sheria ya misitu ya Zanzibar namba 10 ya mwaka 1996 inaijua jamii, inaruhusu jamii isimamie msitu wake kwa makubaliano na serikali, na ulipokuja mradi wa HIMA, ule wa hifadhi ya misitu ya asili, tulikalishwa chini ya mwembe tukasomeshwa kwamba msitu huu ni wenu, utunzeni. Tumeutunza. Leo ubao mmoja tu wa kupitia kwenye huo msitu tunaambiwa si wetu, na mimi kwa akili yangu siwezi kuvielewa vitu hivi viwili kwa pamoja.

Nilikuwa nimeandika mengi, alama za njia zipakwe rangi upya, kibanda cha tiketi kirudishiwe paa, vijana wa doria wapewe mabuti na tochi, tuelezwe pesa za viingilio vya msimu uliopita zimekwenda wapi. Yote hayo bado nayataka. Lakini nimeyaweka pembeni, tuseme yatasubiri, maana tumeshazoea kusubiri na hakuna aliyevunjika mguu kwa kukosa tochi.

Nabakisha moja. Tupe kibali. Karatasi moja yenye muhuri wako inayosema watu wa kijiji hiki wanaruhusiwa kubadilisha mbao za daraja lao kwa gharama zao na mafundi wao. Hatutaki pesa yako, hatutaki uje kufungua, hatutaki jiwe la msingi. Ukitaka leta ofisa wako asimame pale aangalie tunavyofanya, tutampa chai na mandazi ya mke wangu. Masika yakishaanza maji yatakaa juu ya zile mbao na hakutakuwa na kazi itakayofanyika pale, kwahiyo kibali kikija Juni hakitusaidii, tunakihitaji mwezi huu.

Mpe sheha mkononi, au umtumie yule ofisa wako ampigie. Sheha simu yake iko wazi muda wote na mimi nimemwambia asiizime.

Wako mtiifu,
Muongoza watalii wa kijiji, ghuba ya Chwaka