Kabla hujaja Malindi

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaikum. Huku Malindi tu wazima, alhamdulillahi, na natumai mguu wa nyanyako umepoa.

Tangu nirudi kutoka Lamu ule usukani wa gemu za kompyuta ulioletewa na ami yako, pamoja na pedali na gia zake, haunitoki akilini. Usiku ule nilikaa nyuma yako kimya, ukadhani nimechoka na safari. Nilikuwa nakutazama miguu. Umekulia mji wa vichochoro, punda ndio wa kupishana nao, na bado mguu wako wa kushoto ulikuwa ushafika kwenye klachi kabla mkono haujagusa gia, kila mara, bila wewe kutazama chini. Mimi jambo hilo lilinichukua wiki nyingi, mwalimu akinifokea. Kwa hiyo anayekwambia unapoteza wakati, mwache aseme.

Ila gia umeifunga upande wa kulia wa meza. Ihamishe leo. Gari zetu usukani uko kulia, gia utaishika kwa mkono wa kushoto. Ukiuzoesha wa kulia utakuja huku upapase mlango. Ukicheza lile gemu la malori, Euro Truck Simulator 2, chagua barabara za Uingereza, maana nao hupita kushoto kama sisi. Huo usukani wako wa G29 huzunguka nyuzi 900, yaani mizunguko miwili na nusu, basi uache uzunguke wote. Ukiupunguza mikono itazoea kukata kona kama gari la mashindano. Na klachi ya otomatiki izime, gari likuzimikie unapokosea.

Sasa lile ambalo usukani ule hauna. Nilipoketi mimi niliikanyaga klachi yako, nikaiachia polepole, nikingoja. Sikusikia kitu. Ni springi tu, inasukuma vilevile toka chini hadi juu. Klachi ya gari ni pleti inayobanwa kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na injini. Ukikanyaga, zinaachana. Ukiachia, zinaanza kusuguana, na kuna mahali padogo sana ambapo zimeshikana nusu. Hapo injini hugeuza sauti ikawa nzito, boneti ikainuka kidogo, kiti kikatetema chini ya mapaja yako. Ndiko kubalansi huko. Utakujua kwa sikio na kwa kiti, na kila gari lina mahali pake. Pikapu yangu hushika juu kabisa kwa sababu pleti imelika.

Nilipokuwa kijana niliunguza pleti nzima. Nilikuwa napanda mlima na shehena ya mbao, foleni imesimama, nami kwa kuogopa kurudi nyuma nikalizuia gari kwa klachi, mguu nusu juu nusu chini. Harufu ile naikumbuka hadi leo, kama kamba inayoungua. Tajiri alinikata mshahara miezi mitatu. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba mlimani gari hushikwa na handbreki, klachi ni ya kuondokea tu. Wewe nakueleza mapema.

Leseni ya mwanafunzi tutaichukua kwanza, maana 18 umeshatimiza, na herufi L tuibandike mbele na nyuma. Lakini siku ya kwanza barabarani hatuendi. Nitakupeleka uwanjani baada ya sala ya alfajiri, penye ardhi tambarare. Pikapu ni ya dizeli, ina nguvu hata bila mafuta kukanyagwa. Utatia gia ya kwanza, mguu wa kulia ukae mbali na mafuta, uachie klachi kidogo kidogo mpaka gari litambae lenyewe. Kisha ukanyage, usimame, uanze tena. Asubuhi yote hivyo. Likizimika tutaliwasha, sitakupigia kelele.

Boti ya mapema ya kwenda Mokowe usiikose, basi halingoji mtu. Uje na viatu vya soli nyembamba, mguu upate kusikia pedali. Zile ndara za mpira ziache kwa nyanyako.

Babako