Shoga, ile saa ya ndege bado iko kwako?

Shoga yangu,

Hujambo? Shemeji hajambo? Watoto? Sisi wazima, ukiacha hili goti langu ambalo habari zake umeshazichoka. Najua sijakuandikia tangu Februari, na baada ya kimya chote hicho ulistahili barua yenye habari za maana. Leo nina shida, na shida yenyewe ina aibu, basi nivumilie nikizunguka kidogo kabla sijatua.

Wifi anakuja. Jumamosi. Anakaa siku nne. Yule mkubwa, wa kukukumbatia huku macho yanakagua ukuta mgongoni kwako.

Unaikumbuka ile saa ya ukutani niliyokuletea ulipohamia? Yenye ndege kumi na wawili, kila saa na ndege wake wa kulia? Nilikwambia nimeiona mahali nikakukumbuka. Shoga, mahali penyewe ni ukutani kwangu, ilikokaa miezi minne ikinitoa roho. Wifi ndiye aliyenipa, zawadi ya Krismasi. Haya, nimesema. Kunywa maji kwanza, halafu uendelee.

Nikueleze ilivyokuwa, labda utanionea huruma. Alinipa mbele ya watu wote, imefungwa karatasi ya dhahabu na utepe, akasimama palepale kunitazama usoni. Kumbe betri imeshatiwa! Sijamaliza hata kufungua utepe, kitu kikalia ndani ya karatasi. Nikapiga ukelele, nusura niitupe chini. Na ukelele ule, Mungu anisamehe, wote wakauchukua kuwa wa furaha. Wifi macho yakamlengalenga machozi. Sasa hapo unarudi nyuma vipi? Nikaona bora niendelee nao. Nikasema hii ndiyo niliyokuwa naitafuta siku zote. Nikasema napenda ndege tangu utotoni. Mimi! Ambaye unajua nilikuwa nakimbizwa na kuku.

Basi tangu siku ile nimekuwa mtu wa ndege. Siku yangu ya kuzaliwa, mto wenye kasuku. Baadaye vikombe vyenye njiwa. Juzi kaniletea kalenda, miezi kumi na miwili, ndege kumi na wawili, na Agosti ni tai ananikodolea macho nikiosha vyombo. Siwezi hata kulalamika kwa watu. Nikisema "nina tatizo na saa ya ndege" wanadhani nimechelewa uwanjani.

Kwa haki, ile saa ina kijicho chini cha kuhisi mwanga, giza likiingia inanyamaza yenyewe. Lakini baba watoto husoma sebuleni hadi usiku wa manane na taa inawaka, kwa hiyo kila saa sita ya usiku bundi alinipigia hodi. Ndipo nikaishusha. Ndipo nikakukumbuka wewe.

Nimewaza sana juu ya jambo hili, na sidhani kosa langu lilikuwa kuitoa. Ukishapewa kitu ni chako, ukitumie, ukiweke kabatini, umpe anayekitaka. (Ingawa kukuletea wewe bila kukwambia, hapo naomba radhi kabisa.) Kosa lilikuwa kusema mno. Ningeweza kumwambia, "Wifi, umebeba hiki njia nzima kwa ajili yangu, asante kwa kunikumbuka," na kila neno lingekuwa kweli. Mtazame Mama Pacha anavyopokea zawadi. Anakishika kitu kwa mikono miwili, anakigeuza taratibu, anauliza, "Ulikipata wapi? Ulijuaje?" Mtoaji anaanza kusimulia, anasimulia mpaka anaridhika, na Mama Pacha hajasema hata mara moja kwamba amekipenda. Miaka yote hiyo nilidhani ni mdadisi tu.

Binti yangu, tangu aanze kusoma uchumi, ana jibu la kila kitu. Anasema mwaka 1993 kuna mchumi wa Marekani, Joel Waldfogel, aliwauliza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale wangelipa kiasi gani kununua zile zawadi walizopewa. Akakuta thamani inapungua kati ya asilimia 10 na theluthi nzima ya bei iliyolipwa, na zawadi za shangazi na wajomba zinaangukia upande mbaya. Nikacheka, nikasema wifi zangu wamesahauliwa. Ila huyo bwana aliwaambia vijana waiweke kando thamani ya mapenzi wanapohesabu. Sasa ukiiweka kando hiyo, mimi nisingekuwa na barua ya kukuandikia. Ningekuwa naogopa nini? Yale macho yaliyolengwa na machozi ndiyo yananikosesha usingizi, saa yenyewe hata haihusiki.

Nimefikiria kumwambia imeharibika, lakini ataleta nyingine, kubwa zaidi. Niseme iko kwa fundi? Atauliza fundi gani, na njia ya mwongo ni fupi. Nimefikiria hata kumwambia kweli, nikamwandaa baba watoto awepo, halafu nikaona...

Ngoja. Nikiandika hapa nimekumbuka kitu. Ile saa ilipotoka kwenye karatasi ilikuwa inasoma saa sahihi. Mishale iko panapotakiwa, ndege analia kwa wakati wake. Saa mpya huwa inatoka kwenye boksi hivyo? Betri imo, imeshapangwa? Au na yeye wifi ilimshinda?

Ombi langu sasa: niazime kwa siku nne. Naweza kuja kuichukua Ijumaa jioni, nairudisha Jumatano, au nisiirudishe kabisa, utakavyosema.

Maana nawe siku ile ulipiga kigelegele, nikafurahi kweli. Leo sijui. Uliipenda, au ulinifanyia nilivyomfanyia wifi? Bado iko ukutani? Bado inalia, au uliitoa betri wiki ya kwanza? Ulipolifungua boksi hukukuta kadi yoyote? Hukushangaa? Na kama umeshaigawa, niambie tu, sina haki ya kukasirika, lakini uliigawa kwa nani? Isiwe kwa mtu anayemjua wifi, tafadhali. Isiwe kwa Mama Pacha. Na ule ukimya wako baada ya Pasaka ulikuwa wa kazi, au ulikuwa wa saa?

Nijibu kabla ya Ijumaa.

Mimi wako, mpenda ndege