Kura za Kanda ya Kati hazielezwi na njaa peke yake

Ndugu Mhariri,

Kila baada ya uchaguzi mkuu inarudi kauli ileile, redioni, vijiweni na hata magazetini: watu wa Dodoma na Singida ni maskini, maradhi yamewaelemea, ndiyo maana wanaipigia CCM. Wenye adabu husema tuna "mwamko mdogo". Wasio na adabu husema tumenunuliwa kwa kofia, kanga na debe la mahindi. Nimefanya kazi ya utabibu katika zahanati za vijijini mkoani Dodoma hadi nilipostaafu, na kauli hiyo inaniumiza. Inawadhalilisha watu niliowahudumia, halafu ukiipima haisimami.

Najua kwa nini inavutia. Mwaka 2010 na 2015 upinzani ulipata nguvu Kilimanjaro, Arusha, Dar es Salaam na katika miji kama Mbeya na Iringa. Dar es Salaam na Kilimanjaro ndizo hizohizo ambazo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliziweka miongoni mwa mikoa yenye udumavu mdogo wa watoto, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Mkoa wa Dodoma nao, wenye msimu mmoja wa mvua na ukame usiokwisha, umekuwa ngome ya chama tawala tangu uchaguzi wa vyama vingi wa 1995. Mtu akizipandanisha ramani hizo mbili anaona kama amepata jibu: penye afya na fedha pana upinzani, penye shida pana chama tawala.

Basi na atazame Marekani, ambako mambo yalikwenda kinyume kabisa. Katika uchaguzi wa 2016, wakati Rais alikuwa wa chama cha Democratic, maeneo ambayo kwa miaka mingi umri wa kuishi wa watu wake ulikuwa umebaki nyuma ndiyo yaliyosogea zaidi kwa Republican na kwa Donald Trump. Watafiti waliochapisha mwaka 2022 walionyesha kwamba kati ya 2001 na 2019 vifo vilipungua kwa asilimia 22 katika wilaya zilizopigia Democratic, lakini kwa asilimia 11 tu katika zile za Republican. Kule, waliobaki nyuma kiafya walikigeuka chama kilichokuwa Ikulu. Huku tunaambiwa wanakiganda. Kama ugonjwa mmoja unazaa kura mbili zinazopingana, basi lipo jambo jingine katikati linaloamua, na hilo ndilo la kutafutwa.

Wala hatuna haja ya kuvuka bahari kulitafuta. Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, ina majimbo mawili, ambayo mwaka 2015 yaliitwa Singida Mashariki na Singida Magharibi. Mvua ni ileile, alizeti ni ileile, na akina mama wa pande zote wanatembea mwendo mrefu kufuata maji na kliniki. Mwaka 2010 na tena 2015, Mashariki ilimchagua Tundu Lissu wa chama cha upinzani, CHADEMA. Magharibi ikabaki CCM mara zote mbili. Mtwara nako, ambako umaskini unafahamika, majimbo ya Mtwara Mjini na Tandahimba yalikwenda kwa CUF, chama kingine cha upinzani, mwaka 2015, miaka miwili baada ya ghasia za bomba la gesi. Na wale wa "mwenye shibe haipigii CCM" watueleze habari ya Njombe, mkoa unaolisha wengine, wenye udumavu unaofikia nusu ya watoto wake, na ambao haujawahi kuwa ngome ya upinzani. Shibe ya ghala si shibe ya mtoto, na hakuna hata moja kati ya hizo inayomchagulia mtu chama.

(Sitaji matokeo ya 2020 wala ya 2025 kwa makusudi. Ya 2020 yalipingwa vikali, na ya 2025 CHADEMA hakikuwamo kwenye karatasi ya kura. Pasipo na ushindani wa kweli huwezi kupima ni nini kilimfanya mpiga kura achague.)

Sasa nieleze ninachoamini kinaamua, maana nimekiona kwa miaka mingi nikiwa nyuma ya meza ya zahanati.

Ugogoni, yaani nchi ya Wagogo hapa Dodoma, zahanati na chama vilikuja pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Operesheni Dodoma ilipowakusanya watu kutoka kwenye kaya zilizotawanyika na kuwaweka katika vijiji, kilichowangoja pale kijijini kilikuwa shule, kisima, zahanati na tawi la TANU, chama kilichoitangulia CCM. Hadi 1992 balozi wa nyumba kumi alikuwa chama na serikali kwa wakati mmoja; ndiye aliyekuandikia barua ya utambulisho, ndiye aliyetangaza siku ya chanjo. Mzee wa miaka sabini na kitu leo hajawahi kuona mkono mwingine ukimletea dawa. Ukimwambia hiki ni cha serikali na kile ni cha chama, anakusikiliza kwa heshima, lakini maisha yake hayakumfundisha mpaka huo. Huo si ujinga. Ni kumbukumbu sahihi ya mambo yalivyokuwa. Kisha mwaka 1993, mwaka mmoja tu baada ya sheria ya vyama vingi, ukaanza uchangiaji wa gharama hospitalini. Kwa wazee wengi wa huku, mageuzi na kulipia matibabu viliingia kwa mlango mmoja, na wengine mpaka leo wanaviunganisha.

Jambo la pili ni nani anayelaumiwa. Chukua Februari, mwezi mgumu kuliko yote huku. Uwele wa mwaka jana umekwisha ghalani, wa mwaka huu haujakomaa, na mama amemleta mtoto kliniki. Unamning'iniza kwenye mizani, unaandika uzito kwenye kadi, na mstari umeshuka tena. Mama anauliza, "Daktari, dawa zimekuja?" Huku kila aliyevaa koti jeupe ni daktari. Hazijaja. Hakumbuki jina la waziri, wala hajui kwamba oda ilikwenda Bohari ya Dawa na ikarudi pungufu. Anayemwona ni mimi na muuguzi wangu, na akitoka nje atasema zahanati ile ina roho mbaya, dawa wanazificha. Lakini siku shehena ikifika, au siku jengo la wazazi likizinduliwa, anayesimama mbele ya vipaza sauti ni diwani na mbunge. Sifa huenda kwa aliyechaguliwa, lawama hubaki kwa aliyeajiriwa. Shida ikishabandikwa kwa muuguzi, haiwezi tena kufika kwenye sanduku la kura.

Hili si langu peke yangu. Kabla TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, haijaeneza mpango wa kunusuru kaya maskini nchi nzima, ilifanya majaribio katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino yetu hii. Vijiji 80 vilihusishwa, nusu vikapata fedha kuanzia 2010 na nusu vikasubiri, kwa bahati nasibu, kwa masharti kwamba watoto wadogo wapelekwe kliniki, wazee wakapimwe afya na wanafunzi wahudhurie shule. Watafiti walipolinganisha vijiji hivyo walikuta kaya zilizopata fedha zilitumia bima ya afya zaidi, na watoto wao wadogo waliugua kwa siku pungufu kuliko wenzao. Walikuta pia kwamba imani kwa viongozi ilipanda, lakini ilipanda kwa wale waliochaguliwa, si kwa watendaji walioajiriwa. Niliposoma hapo niliwakumbuka wauguzi wangu.

Lakini kuna mambo mawili zaidi katika utafiti huo ambayo wanaosema tumenunuliwa wangeyasoma mara mbili. Imani hiyo ilipanda zaidi katika vijiji ambavyo tangu mwanzo vilikuwa na mikutano mingi ya kijiji, yaani pale ambapo watu walizoea kusomewa na kuuliza. Na zile fedha hazikuongeza uwezekano wa mtu kwenda kupiga kura. Watu walipokea, wakashukuru, wakakata bima, na siku ya uchaguzi aliyekuwa akienda alikwenda, asiyekuwa akienda hakwenda. Kama ruzuku ya kila baada ya miezi miwili haikumtoa mtu nyumbani kwenda kituoni, kofia na kanga zina nguvu gani?

Niseme na la wasiokwenda, maana wanasahaulika. Dodoma ni nchi ya vikope, ugonjwa wa macho uitwao pia trakoma. Kongwa imefanyiwa utafiti wa trakoma tangu miaka ya 1980. Wazee, na hasa akina mama, walioishi na ugonjwa huo bila tiba wanafikia hatua kope zinaingia ndani na kukwaruza jicho mpaka linaziba. Siku moja ya uchaguzi nilimwona bibi mmoja akifika kituoni akiwa ameshika ncha ya fimbo, ncha nyingine imeshikwa na mjukuu. Sheria inamruhusu asiyeona kusaidiwa na mtu anayemwamini, na alisaidiwa vizuri. Alipotoka akasema kwa sauti, "Nimemaliza, sasa na wao wamalize hili jicho." Wenzake wawili wa rika lake, wenye ugonjwa uleule, walikuwa nyumbani. Hawakuwa na mjukuu mkubwa wa kuwaongoza. Kwa hiyo mtu anaposema "wagonjwa wa Dodoma wamepigia chama fulani", ajiulize kwanza ni wagonjwa gani waliofika. Kijiji kinaweza kuwa na maradhi mengi na kura nyingi za chama kimoja, na bado kura hizo zikawa zimepigwa na wazima.

Ninachoomba hakihusu chama chochote. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila baada ya miezi mitatu. Katika mkutano huo hesabu za zahanati zisomwe hadharani: fedha zilizoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, dawa zilizoagizwa na zilizofika, nafasi za watumishi zilizo wazi na tangu lini. Mwenyekiti wa kijiji na diwani wawepo wakati zinasomwa, wajibu maswali wao, si muuguzi. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo hili lilifanyika kwa muda, na maswali yalibadilika mara moja. Watu waliacha kuuliza nani ameficha dawa, wakaanza kuuliza nani alitakiwa kuzidai. Pale ambapo mikutano hiyo haiitishwi, na najua vijiji ambavyo mwaka unapita, hakuna mwananchi anayeweza kulaumiwa kwa kutojua amuulize nani.

Tume ya Uchaguzi nayo ichapishe matokeo ya kila kata kwa namna ambayo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anaweza kuyaweka kando ya takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za vituo vya afya, za kata hiyohiyo. Takwimu hizo zipo. Nimezijaza kwa mkono wangu, kitabu baada ya kitabu. Zikisomwa pamoja na kura tutaacha kubahatisha habari za mikoa mizima kama kwamba Mpwapwa na Chemba ni kitu kimoja.

Na wewe Mhariri, nina ombi kwa waandishi wako. Mgombea atakapokuja Bahi au Manyoni, asiulizwe tu atajenga zahanati ngapi. Tangu mpango wa afya ya msingi wa 2007 tumeahidiwa zahanati kila kijiji, na majengo mengi yamesimama kweli, nayashukuru. Aulizwe zahanati ya kata anayosimama ina mganga au haina, na mara ya mwisho dawa ziliisha lini. Akishindwa kujibu, mwandike kwamba ameshindwa, pamoja na jina la kata.

Ni mimi,
Mtabibu mstaafu,
Chamwino, Dodoma